Uji wa Nekesa na Meno Hamsini na Mawili

Nakumbuka Jumapili moja niliyowashinda vijana wote wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, kwa baiskeli, na hadi leo, mwanangu, nikiikumbuka Jumapili hiyo naona haya. Usicheke. Kuna ushindi ambao mtu huuficha kama mwenzake anavyoficha kidonda.

Umeniletea baiskeli yako ya giya moja, nyepesi, nzuri, rangi ya chungwa, na umeniuliza swali ambalo vijana wote wa siku hizi huniuliza wakifika hapa kibandani kwangu: "Mzee, niwekee meno mangapi mbele ndio ikimbie?" Nimetengeneza baiskeli mtaani hapa tangu hizi mvi zilipokuwa nywele, kwa hiyo jibu ninalo na nitakupa. Lakini keti kwanza juu ya hilo tairi. Jibu hilo lilimuumiza mtu kabla halijanifikia, na sitaki uondoke nalo bila kumjua mtu huyo.

Baiskeli ya giya moja haina siri. Kuna gurudumu la meno la mbele, hapo kwenye pedali, na kuna lile dogo la nyuma. Hesabu meno ya mbele, uyagawe kwa ya nyuma. Ukiwa na arobaini na manne mbele na ishirini nyuma, kila ukizungusha pedali mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara mbili na kidogo. Ongeza meno ya mbele, au punguza ya nyuma, na tairi litazunguka zaidi kwa pedali ile ile moja. Baiskeli itakimbia, naam, lakini mbio hizo zitatoka kwenye magoti yako, maana hakuna cha bure. Wenye giya nyingi hubadilisha wakiwa njiani. Wewe wa giya moja unachagua mara moja, kisha unaishi na ulichochagua panda shuka, kama mtu aliyeoa. Hilo ndilo somo la kwanza, na hata mimi nililijua nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Lililonishinda ni la pili.

Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipostaafu alirudi nyumbani Bungoma na Mama, akatuachia mimi na dada yangu mkubwa, Nekesa, chumba kimoja Mowlem chenye pazia katikati, na baiskeli moja nyeusi nzito, zile ambazo watu waliziita Mamba. Alisema maneno machache tu siku ya kuondoka. "Hiyo ni miguu ya watu wawili. Msiigombanie." Hatukuigombania. Sote tulikuwa vibarua Industrial Area, mimi katika karakana ya milango ya chuma, Nekesa katika kiwanda cha sabuni kilicho barabara ya pili kutoka kwetu. Kila asubuhi alikaa kwenye keria nyuma yangu, miguu upande mmoja, kikapu cha chakula cha mchana mapajani, nami nikakanyaga.

Na mwezi huo nyapara wa kiwanda alikuwa amemwambia Nekesa neno ambalo kibarua halisikii mara mbili. Akifika kila siku kabla ya lango kufungwa, asikose hata siku moja mpaka mwezi uishe, ataandikwa. Wewe hujui uzito wa neno hilo. Kibarua anasimama langoni alfajiri akinyoosha shingo ili aonekane, leo anaitwa, kesho anaambiwa arudi nyumbani. Aliyeandikwa anapita tu, anamsalimia askari kwa jina, anaingia. Nekesa alikuwa amesimama kwenye lango lile miaka minne. Usiku alipoambiwa aliimba akipika, na Nekesa hakuwa mtu wa kuimba.

Mimi nami nilikuwa na mambo yangu, tena ya kijinga. Jumapili baada ya kanisa vijana wa mtaa tulikuwa tukishindana kwa baiskeli, kutoka Mowlem tukiteremka upande wa chini, na kila Jumapili nilikuwa wa mwisho. Rafiki yangu Kimani alikuwa na baiskeli ya mashindano aliyoitoa soko la mitumba la Gikomba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo.

"Wafula, hiyo Mamba yako ni ya kupeleka maziwa," aliniambia mbele ya watu. "Endesha pole pole, boss, maziwa isimwagike."

Watu walicheka, wasichana wakiwemo. Nakwambia ukweli, mwanangu, kicheko hicho kiliniuma kuliko kazi yote ya wiki. Jumatano yake nilikuwa Gikomba nikichakura kwenye malundo ya vyuma, na nikatoka na gurudumu la meno hamsini na mawili, linang'aa, pamoja na mkono wake wa pedali, na lile dogo la nyuma la meno kumi na sita. Nililibeba ndani ya shati ili lisipate vumbi.

Jumamosi mchana, baada ya kazi, nililipeleka kwa fundi wa Baba. Mzee Juma alikuwa mtu wa Majengo, kule Pumwani, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona ina doa ingawa mikono yake ilikuwa grisi tupu. Alikuwa na desturi moja iliyowafanya watu wamcheke. Hakumuuliza mteja anataka kukimbia vipi. Alimuuliza mambo mawili, unambeba nani na mlima wako mbaya uko wapi. Kisha alimtaka huyo anayebebwa aje mwenyewe, akae kwenye keria mbele ya macho yake, ndipo achague meno. Kuna muuza makaa aliyerudishwa nyumbani akalete gunia. Yale arobaini na manne kwa ishirini yaliyokuwa kwenye Mamba yetu yalichaguliwa hivyo hivyo, Nekesa akiwa amekaa nyuma na Baba amesimama kando.

Nilimwonyesha lile gurudumu langu. Alilipokea, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya meno.

"Zuri," alisema. "Na Nekesa?"

"Atakaa nyuma kama kawaida, mzee."

"Ameambiwa?"

"Mwendeshaji ni mimi."

Alinirudishia. "Basi mimi silifungi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kijana wangu."

Nilidhani anasema kwamba Nekesa ni mzigo, na nilikasirika kwa niaba ya dada yangu, tena sana. Kumbe mzee alikuwa akisema mzigo wa Nekesa, ule aliokuwa ameubeba yeye miaka minne pale langoni, ambao kwangu ulikuwa mwepesi kwa sababu haukuwa mgongoni mwangu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilienda kwa kijana mmoja mwenye kibanda huko huko Industrial Area, asiyeuliza maswali. Alifunga hamsini na mawili mbele, kumi na sita nyuma, akaongeza vipande vya cheni maana ile ya zamani haikutosha kuzunguka, na kabla redio yake haijamaliza taarifa ya habari nilikuwa nimeondoka.

Nikampitia Nekesa kiwandani, tukarudi nyumbani. Sasa jua jambo moja kuhusu jiji hili ambalo mwenye gari halijui. Nairobi inashuka kuja kwetu huku. Asubuhi ukienda kazini unapanda, jioni ukirudi unateremka. Jioni hiyo tuliteremka kweli. Kila pedali moja ilitupeleka mbali, upepo ukavimbisha kitambaa cha Nekesa, naye akacheka akanishika mkanda. "Wafula, pole pole, utaniangusha," alisema, lakini nilisikia kwamba amefurahi. Nikajiambia, mzee amezeeka.

Kesho yake ndiyo ile Jumapili. Nilimpita Kimani mapema, nikawapita na wengine, nikafika chini peke yangu na kugeuka kuwangoja kama bwana harusi. Hakuna aliyetaja maziwa tena.

Jumatatu tukaondoka alfajiri. Njia yetu ilikuwa ikishuka kidogo mpaka mtoni, ikavuka, kisha ikapanda mwinuko mrefu kuelekea viwandani. Mwinuko huo tulikuwa tumeupanda mamia ya asubuhi, kwa jasho lakini bila kusimama. Siku hiyo sikufika hata nusu. Nilisimama juu ya pedali kwa uzito wangu wote, nikavuta usukani, baiskeli ikayumba, ikasimama. Nekesa akaruka chini kabla hatujaanguka.

Sasa sikiliza nilivyofikiri, maana hapo ndipo penye kosa lenyewe. Jumamosi meno yale yalikimbia. Jumapili yalishinda. Kwa hiyo meno yalikuwa mazuri, nilikuwa na ushahidi. Kama meno ni mazuri na baiskeli inakataa kupanda, basi ubaya uko kwa mtu. Nikageuka nikamwambia dada yangu, huku nikihema, "Nekesa, umenenepa siku hizi. Hiyo uji inakuzidi."

Alicheka. Akasema, "Panda wewe, nitakufuata," akaupanda mwinuko kwa miguu, upesi upesi, kikapu kichwani, nami nikaiburura baiskeli mpaka juu. Tulifika askari akiwa tayari ameshika lango.

Jumanne nilipoamka vikombe viwili vya uji vilikuwa mezani. "Kunywa tu," aliniambia, "mimi sina hamu." Nikanywa changu, nikanywa na chake. Jumatano ikawa vile vile. Alhamisi hakupika vikombe viwili, alipika kimoja. Nikiona kikapu chake cha mchana kimekuwa chepesi nilidhani amebadilisha chakula. Na bado kila tulipofika mtoni nilikuwa na neno. Leo umekula nini, Nekesa? Leo una mawe mfukoni? Nilikuwa natania, mwanangu. Utani wa ndugu ni kitu kizuri mpaka mmoja aushike.

Ikapita wiki, zikapita mbili. Katika wiki ya tatu niliona mwinuko umeanza kulegea kidogo, nikawa nafika katikati kabla hajashuka. Unajua nilifanya nini? Nilijisifu. Nilimwambia miguu yangu imezoea. Nilikuwa nimepata nguvu, nilisema, sasa hata mbio za mji mzima naweza. Alikuwa nyuma yangu ameshika keria. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi ngoma yote nilikuwa nimeivutia upande wangu.

Siku nne kabla ya mwezi kwisha, saa ya chakula cha mchana, nilitoka karakanani kununua mkate, nikamwona Nekesa ameketi ukingoni mwa barabara nje ya kiwanda, aproni yake imekunjwa mapajani. Saa hiyo alipaswa kuwa ndani.

"Nimerudishwa," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilianguka. Macho ilienda giza, nikaangukia meza, sabuni ikamwagika. Nyapara amesema mgonjwa haandikwi."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, Wafula. Ni njaa tu."

"Njaa gani na unga uko nyumbani?"

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Si wewe ulisema nimekuwa mzito. Nikaona nikipungua kidogo tutapanda mlima, tufike mapema. Ilikuwa imebaki siku nne."

Nimezika baba, nimezika mama, mwanangu, lakini sijui kama kuna siku niliyotamani ardhi inimeze kuliko hiyo. Mkono wake ulikuwa juu ya aproni na nikauona jinsi ulivyokwisha. Wiki tatu nilikuwa nimekaa mbele, mgongo wangu kwake, sikumwona.

Sikurudi karakanani. Tulitembea mpaka Majengo, mimi nikiisukuma ile baiskeli kwa sababu nilishindwa kuipanda. Mzee Juma alituona, akatazama meno ya mbele, akamtazama Nekesa, na nadhani alielewa yote hapo hapo. Alimwita mkewe, wakamkalisha Nekesa ndani, wakamletea chai ya maziwa na mahamri, kisha maharagwe, naye akawaeleza habari ya uji, na mzee akangoja mpaka aliposikia kijiko kimekwangua bakuli. Ndipo akaipindua baiskeli, magurudumu juu.

"Hesabu," aliniambia. "Kwa kidole. Kwa sauti."

Nilihesabu jino moja moja, watu wakipita barabarani wakinitazama, mwanamume mzima anayehesabu kama mtoto wa chekechea. Nilipofika hamsini na mawili akaniambia nihesabu ya nyuma. Kumi na sita.

"Sasa gawanya."

"Tatu na robo, mzee."

"Na zamani?"

"Mbili na kidogo."

"Umeuongezea mlima karibu nusu yake," alisema. "Kisha ulipochoka ukamhesabu dada yako. Meno yapo, yametulia, yanahesabika, hayana hisia, hayajui kujinyima uji. Hukuyahesabu. Ukaenda kuhesabu mtu." Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Baiskeli haipimwi kwa mteremko, kijana. Kwa mteremko hata gunia linakwenda. Na haipimwi Jumapili ukiwa peke yako. Inapimwa asubuhi, mlimani, na yule uliyembeba amekaa nyuma na ameshiba."

Akafungua hamsini na mawili, akafunga arobaini na manne kwa ishirini, akakata cheni. Lile gurudumu langu alinirudishia nikae nalo. Kesho yake nilimpandisha Nekesa mwinuko ule bila kusimama, tukafika lango halijafungwa, na haikusaidia kitu. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Dada yangu alirudi kwenye mstari, akanyoosha shingo pamoja na wenzake, miaka mitatu zaidi, mpaka alipoolewa akahamia Kitale. Hakuandikwa kiwandani hapo wala kwingine. Siku moja nilipompigia magoti akaninyanyua, akasema, "Acha hiyo, Wafula. Meno ya mbwa hayaumani." Alisema kwa sababu ana moyo mkubwa. Lakini mimi najua kwamba meno yangu yalimuuma.

Karakana niliiacha mwaka uliofuata, nikaenda kukaa chini ya Mzee Juma nijifunze ufundi, na ndiyo kazi uliyonikuta nayo. Nakwambia bila kujisifu kwamba hakuna baiskeli niliyoifunga vibaya tangu hapo, na walionicheka nikiwauliza maswali yale mawili ya mzee wengi wao wamerudi, magoti yakiwauma.

Basi chukua jibu lako. Kama kweli unaendesha peke yako, kutoka hapa mpaka mjini na kurudi, arobaini na manne mbele na kumi na nane nyuma yatakutosha, na kijana mwenye nguvu kama wewe hatayachoka. Ukibeba mtu au mzigo wa kila siku, nenda ishirini nyuma. Usihangaike kubadilisha ya mbele ovyo. Jino moja la nyuma lina nguvu kuliko mawili ya mbele, kwa hiyo sahihisha nyuma, jino kwa jino, mpaka mlima wako useme ndiyo. Meno ya mbele na ya nyuma yasimame mstari mmoja, cheni icheze upana wa kidole, isikazwe kama uzi wa gitaa. Kwenye mteremko miguu itazunguka upesi na wenzako watakupita. Waache wapite. Mteremko kila mtu anauweza.

Umeniambia humbebi mtu. Labda ni kweli leo, lakini haitakuwa hivyo kwa muda mrefu. Atakuja mke, atakuja mtoto, au atakuja mzazi anayetaka kufikishwa kliniki, na hata asipokaa kwenye keria, atakuwa amekaa kwenye jambo fulani ulilolichagua wewe bila kumuuliza. Muulize kabla hujachagua. Muweke juu, upande naye. Na siku mambo yatakapokuwa mazito katikati ya mlima, shuka, pindua baiskeli, hesabu meno yako mwenyewe kwa kidole na kwa sauti, mpaka jino la mwisho, kabla hujafungua mdomo kumwambia mwenzako kwamba yeye ndiye mzito. Mara nyingi hutahitaji kuufungua.

Haya, simama, nipe spana hiyo. Mwenyezi Mungu akupe magoti ya kukufikisha uzeeni, akupe milima unayoiweza, na yeyote utakayembeba maishani mwako ashibe asubuhi bila kukuogopa.